Kipimo Kisichokuwepo Kwenye Skrini

Kijana mmoja wa Sakina, Arusha, niliyempandisha Mlima Meru kwa mara ya kwanza alinishangaza tulipofika kambi ya Miriakamba. Wenzake walikimbilia chai. Yeye alivua soksi zilizolowa jasho, akavaa kavu, ndipo akaja kukaa. Hilo ni somo ninalolirudia kila msimu, na kila msimu wapo wanaolisahau. Nikamuuliza kafundishwa na nani.

"Gemu, kaka," akasema, akicheka kwa aibu kidogo.

Mimi si mtu wa magemu. Kazi yangu ni kuongoza watu mlimani. Lakini nililitafuta gemu lake, nikalicheza usiku kadhaa, nikalipima kama ninavyompima mgumu mpya, yaani mpagazi, anayeomba kazi: anajua nini, na asichokijua kitamdhuru nani.

Gemu linaitwa The Long Dark. Limetengenezwa na Hinterland, studio huru ya Kanada iliyoanzishwa na Raphael van Lierop. Mwaka 2013 walichangisha fedha kwa umma kupitia Kickstarter na kupata zaidi ya dola 250,000 za Kanada. Septemba 2014 wakaanza kuliuza likiwa bado jikoni, wakiendelea kulitengeneza huku wanunuzi wakilicheza na kutoa malalamiko yao. Toleo kamili likatoka Agosti 2017. Dhoruba ya sumaku imezima umeme, nawe uko peke yako kwenye pori la kaskazini mwa Kanada, katikati ya majira ya baridi. Hakuna mazombi wala majini. Kuna baridi, njaa, kiu na uchovu. Katika sehemu ya kuishi porini, kwa muda mrefu kanuni ilikuwa ukifa umekufa: mchezo wako unafutwa, unaanza upya mikono mitupu.

Nianze na linachokijua. Kwanza, linajua hesabu ya joto. Kila nguo ina kiasi chake cha kuzuia baridi na kiasi chake cha kuzuia upepo, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Nguo ikilowa inapoteza kazi yake, ikibaki nje inaganda. Hapo gemu limesema kweli tupu. Maji hunyonya joto la mwili kwa kasi ya mara 25 hivi kuliko hewa, ndiyo maana fulana ya pamba iliyoloa jasho ni hatari. Hapa kwetu watu hawaamini kwamba baridi inaweza kuua Mtanzania. Basi tupige hesabu. Mji wa Arusha uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, kilele cha Meru kiko mita 4,566. Kila unapopanda mita 1,000, joto hushuka nyuzi 6 hivi. Usiku wa Julai mjini pakiwa na nyuzi 13, kileleni ni hasi 6, na upepo haujahesabiwa.

Pili, linajua adabu ya moto. Humo ndani hubonyezi kitufe ukaota. Unachagua njiti, unachagua kitu chepesi cha kushikia moto, kisha kuni, na gemu linakuambia una asilimia ngapi za kufanikiwa. Upepo ukigeuka, moto unazimika na njiti imekwenda bure. Aliyekulia vijiji vya Umeru anayajua haya bila asilimia. Wakati wa masika unapasua gogo ufikie moyo wake mkavu, unaanza na magunzi ya mahindi, unakinga upepo kwa mgongo, na kiberiti hukigusi mpaka kuni za kutosha ziko karibu. Mlimani tunapikia gesi, lakini adabu ni ileile: andaa kwanza, washa baadaye.

Tatu, na hili ni sifa ya studio zaidi kuliko ya gemu, linakubali kusahihishwa. Wachezaji waligundua ujanja: shinda na njaa kutwa nzima, kula kidogo kabla ya kulala, usingizi utakurudishia afya iliyoliwa na njaa. Ukawa ndiyo njia rahisi ya kuishi muda mrefu. Hinterland hawakugombana na wateja. Waliongeza zawadi: anayekaa siku tatu mfululizo bila tumbo kuwa tupu anapata nguvu ya ziada na kubeba mzigo mzito zaidi. Wengine walijifungia ndani ya vibanda siku nzima, na studio ikaleta ugonjwa wa kuchoshwa na kuta, unaomlazimisha mchezaji kulala nje. Kampuni kubwa huuza gemu na kuhamia jingine. Hawa wamekaa na hili zaidi ya miaka kumi.

Hata hivyo, dawa ile ya njaa haikugusa kiini. Mwili unaotetemeka unachoma chakula ili kutoa joto. Kikiisha, mtetemeko unafifia, na baridi inapata mlango. Porini, njaa na baridi ni ugonjwa mmoja. Ndiyo maana mpandaji anayesema hana hamu ya kula pale kambi ya Saddle namlazimisha japo supu na kipande cha mkate.

Sasa nije kwenye kasoro. Ndogo nizipite haraka. Mbwa mwitu wa gemu, wale wa kaskazini, si hawa wetu wenye madoa, wanamrukia binadamu kama wana kisasi naye, ilhali mbwa mwitu halisi kwa kawaida humkwepa mtu. Anayecheza anajifunza kuogopa mnyama anayewinda. Meru hatari ni nyati, naye hakuwindi hata kidogo: unamshtukiza kwenye kona ya njia. Kinga yake ni kwenda kwa kundi, askari wa hifadhi akiwa mbele na bunduki yake. Nayo sehemu ya hadithi ya gemu, iitwayo Wintermute, ilitoka vipande vipande: viwili mwaka 2017, cha tatu 2019, cha nne 2021. Mwanzoni unatumwatumwa mno. Mama mzee asiyeona anataka kuni, ukileta anataka chakula, nawe ulidhani umekuja kumtafuta mkeo wa zamani.

Kasoro kubwa zaidi ziko kwenye mwili. Ukiteguka kifundo cha mguu, bandeji na dawa ya maumivu au mapumziko ya saa chache yanatosha. Mlimani kifundo kilichoteguka ni wiki kadhaa, na pengine ni machela, na machela inataka watu wa kupokezana kushuka. Mchezaji anabeba kilo 30 bila kulemewa, wakati mgumu wa Kilimanjaro, mtu wa kazi hiyo, haruhusiwi kupewa zaidi ya kilo 20 za mzigo wa msafara. Gemu lina mlima wake pia, Timberwolf, lakini hewa yake haikondi. Kileleni mwa Meru kila pumzi ina oksijeni isiyofikia theluthi mbili ya ile ya Tanga au Bagamoyo. Kichwa kinauma, tumbo linakataa chakula, na kwa wachache ubongo unavimba, mtu anapepesuka kama mlevi.

Hayo yote ningeyasamehe. Nisilolisamehe nililiona mlimani katika safari ileile, usiku wa kwenda kileleni, kijana wa Sakina akiwa nyuma yangu.

Tulitoka Saddle baada ya saa sita usiku. Tulipopita mahali paitwapo Rhino Point, upepo ulikuwa unapiga kutoka upande wa kreta. Kijana alikuwa amepiga soga njia nzima. Mgumu aliyekuwa nyuma yake akanisogelea, akaninong'oneza: "Kiongozi, chalii kanyamaza."

Nikasimama. Nikamuuliza vipi. "Poa tu, kaka." Nikammulika. Glavu moja ilikuwa mfukoni, na koti lilikuwa wazi hadi kifuani. Nikamwambia funga zipu. Akaishika, akaikosa, akaishika tena, akaikosa. Akacheka, akaniambia ni mbovu. Zipu ilikuwa nzima.

Hivyo ndivyo haipothemia ilivyo. Joto la ndani ya mwili likielekea kushuka chini ya nyuzi 35, kabla mtu hajaanguka, mambo manne huharibika: vidole, ulimi, miguu na akili. Akili ndiyo hiyo hiyo anayoitegemea kujua kwamba ameharibika. Ikizidi sana, wengine huhisi joto na kuvua nguo kwenye barafu. Tulimweka nyuma ya jiwe, tukambadilisha fulana, tukamvika koti kavu, tukamnywesha chai ya sukari nyingi kwa sababu bado alikuwa anameza vizuri, kisha nikamteremsha. Macheo aliyaona akiwa Rhino Point. Wenzake waliendelea na msaidizi wangu mpaka kileleni, kile kinachoitwa Socialist Peak, yaani Kilele cha Kijamaa.

Ndani ya gemu lisingemtokea hilo. Pembeni mwa skrini kuna alama ya baridi, na joto likiisha unaonyeshwa asilimia za hatari zikipanda mpaka uugue. Mchezaji anaweza kuwa anakufa huku akili yake ikiwa timamu kabisa, amekaa kitini, anasoma namba. Kipimo hakidanganyi, wala hakichanganyikiwi pamoja na mgonjwa. Gemu limemweka mtu peke yake porini, kisha kimyakimya likampa mwenzake wa kumtazama, na mwenzake huyo likamfanya namba. Anayelimaliza anaamini kwamba mwili wake utamwambia. Kijana alijua soksi, alijua upepo, alijua pamba. Alikuwa anasubiri alama iwake.

Kwa hiyo, kwa mzazi wa Njiro au Ngaramtoni anayeniuliza kama mwanawe anaipoteza jioni yake: hapana, mwache acheze. Atajifunza kuheshimu nguo kavu na kuni zilizoandaliwa. Lakini akija mlimani nitamfunga na mtu. Tangu usiku ule, kabla ya kutoka Saddle nawagawa watu wawiliwawili, na kila nusu saa mmoja anamuuliza mwenzake jambo lisilojibika kwa "poa": jina la mwalimu wa darasa la kwanza, saba mara nane, au funga zipu nikuone.

Kijana tulikutana tena mjini. Nikamuuliza kama ameliacha gemu. Akasema bado analicheza, ila sasa anazima zile alama za pembeni na kujaribu kukisia hali yake mwenyewe.

"Unakisia sawa?"

"Sijui, kaka," akasema. "Humo ndani hakuna wa kumuuliza."