Vipimo viwili vya intaneti

Juma hili tuzungumzie jambo linaloleta ugomvi kati ya wateja na wauzaji wa intaneti, kuanzia Shinyanga mjini hadi Katoro kule Geita. Mwenye steshenari amelipia kasi ya 24. Akifungua programu ya kupima kasi, inamwandikia 24 kweli. Lakini akipakua faili, kipimo kilichomo ndani ya kompyuta kinasema 3. Papo hapo anakata shauri kwamba ameibiwa.

Hajaibiwa. Programu ile huhesabu megabiti kwa sekunde. Kompyuta yake huhesabu megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Gawa 24 kwa 8 upate 3. Watu wa machimbo hawana haja ya kushangaa: bei ya dhahabu ya London hutajwa kwa wakia, ilhali soko la Geita, lililofunguliwa mwaka 2019, huuza kwa gramu, na wakia moja ya dhahabu ni gramu 31.1. Basi tazama herufi: b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti. (Wanaochora matangazo nao wangeandika neno zima, tungepumzika.)

Na kama umeshagawa, namba bado zinapishana? Programu ya kupima huchagua seva ya karibu, pengine Mwanza au Dar es Salaam, kisha kwa sekunde chache huvuta data kwa njia kadhaa pamoja mpaka bomba lijae. Inakuambia upana wa bomba. Kipimo cha kompyuta kinakuambia maji yanayopita sasa hivi. Usipofungua koki, kitasoma sifuri. Tena faili lako huenda linatoka Ulaya kwa waya wa chini ya bahari. Nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika tarehe 12 Mei 2024, bomba pana la Shinyanga lisingeharakisha faili la ng'ambo.

Hata hivyo wapo wanaopunjwa kweli. Mwenye shaka aondoe simu zote kwenye mtandao wake, achomeke kompyuta kwa waya, apime asubuhi na saa 2 usiku, siku kadhaa mfululizo, kwa programu ileile, na aandike. Akikuta kila usiku 24 imekuwa 6, aipeleke karatasi hiyo kwa mwuzaji wake kwanza. Asiposikilizwa, TCRA hupokea malalamiko.