Mimba ikitoka, usitafute dawa ya kusafisha kizazi

"Daktari, mimba yangu ilitoka mwezi uliopita. Nitumie dawa gani ya kusafisha kizazi?" Swali hili linanifikia mlangoni mwa kliniki, kwenye simu, hata msibani. Wanauliza wanawake wenyewe, wanauliza waume zao, na zaidi wanauliza mama wakwe wasioelewa kwa nini binti ameruhusiwa kurudi nyumbani bila kusafishwa. Nimewajibu mmoja mmoja kwa miaka, na bado usiku wanaletwa wodini wale waliojibiwa na mtu mwingine kabla yangu. Leo nawajibu wote: dawa hiyo haipo. Haipo hospitalini wala duka la dawa, na haimo kwenye mizizi wala kwenye chupa zinazotangazwa mitandaoni, kwa sababu ugonjwa wanaosema unatibiwa nayo haupo.

Mimba changa ikitoka, kizazi hubaki katika moja ya hali tatu. Huenda kimetoa kila kitu na kinaanza kufunga. Mama huyo anahitaji kupimwa, kupumzika na kufarijiwa, basi. Huenda kimebakiza vipande vya mimba, na damu haikatiki kwa sababu misuli inashindwa kujikaza. Au wadudu wameingia, na hapo utaona homa, maumivu chini ya kitovu na majimaji yenye harufu mbaya. Hali ya pili hutibiwa kwa kuhakikisha kilichobaki kimetoka. Ya tatu hutibiwa kwa antibayotiki za kuchoma mshipani na kutoa kilichobaki kizazini bila kuchelewa. Hali ya nne, ile ya damu chafu iliyojificha pembeni miezi sita ikisubiri chai ya mizizi, haipo. Kizazi humenya ukuta wake wa ndani na kujenga mwingine kila mwezi tangu msichana avunje ungo, bila msaada wa mtu.

Twende kwenye zile lulu, maana ndizo zinazouzwa sana siku hizi. Ni kijifuko cha kitambaa chepesi, kidogo kuliko ndimu, kimejazwa unga wa majani na kufungwa kwa uzi mrefu. Mwanamke anaambiwa aweke viwili au vitatu ukeni, akae navyo siku moja hadi tatu, kisha avute uzi. Kinachotoka kimevimba, kinateleza, kina vipande vyeupe na vya kahawia, na kinanuka. Anapiga picha, anamtumia muuzaji, na picha hiyo inakuwa tangazo la kumshawishi mwingine.

Nimeonyeshwa picha hizo mara nyingi, na ninachokiona ni uke uliochubuliwa. Lulu haifiki kwenye kizazi. Inakaa ukeni, chini ya mlango wa kizazi. Ule unga mkavu hufyonza majimaji ya kawaida ya uke na kuunguza utando wake, kisha utando uliochubuka hutoka vipande vipande pamoja na majani yaliyolowa. Mwekee msichana mwenye afya kamili ambaye hajawahi kushika mimba, naye atatoa "uchafu" ule ule. Kwa mwanamke ambaye mimba imetoka juzi ni hatari zaidi, kwa sababu mlango wa kizazi haujafunga sawasawa. Kuacha kitambaa chenye unga usiojulikana mahali hapo kwa siku tatu ni kuwafungulia wadudu njia ya kupanda hadi kizazini na kwenye mirija. Mirija ikishaziba kwa maambukizi, ndipo ugumba unapokuja, na aliyekuwa akikimbia ugumba ndiye aliyeununua.

Dawa za kunywa nazo zina shida yake. Baadhi ya mizizi hukaza kizazi kweli kweli, na hakuna ajuaye kipimo kilichomo kwenye chupa ile, akiwemo aliyeichemsha.

Kisha naambiwa: "Lakini jirani alitumia, na miezi mitatu baadaye akashika mimba." Naamini alishika. Baada ya mimba changa kutoka, yai linaweza kupevuka ndani ya wiki mbili tu, hata kabla ya hedhi ya kwanza. Na kati ya mimba 100 zilizothibitishwa, 10 hadi 20 huharibika, nyingi kabla ya wiki ya 13, tena karibu nusu au zaidi ya hizo ni kwa sababu ya kasoro za kromosomu zilizotokea yai au mbegu ilipotengenezwa, au vilipoungana. Hazikusababishwa na ndoo ya maji aliyobeba, wala tendo la ndoa, wala jicho la mtu. Wengi wa wanawake hawa hupata mtoto mimba inayofuata, wakitumia kitu au wasitumie. Muuzaji amechukua pesa na sifa kwa kazi iliyofanywa na mwili wa mama.

Linaloniudhi kuliko yote ni hili. Katika kila mimba 100, moja au mbili hutunga nje ya kizazi, karibu zote kwenye mrija. Mwanamke amekosa hedhi, wiki ya sita anaona matone ya damu, anasikia maumivu upande mmoja. Anajiambia imetoka. Ananunua dawa ya kusafisha na kukaa nyumbani akisubiri uchafu umalizike. Maumivu yakizidi anaambiwa dawa inafanya kazi. Mrija ukipasuka, damu haitoki nje, inajaa tumboni. Pedi ina matone tu wakati lita nzima na zaidi imeshakusanyika ndani. Anaanza kuumwa bega, kizunguzungu, kuzimia. Huyo anafika hospitali ya mkoa akiwa na saa chache za kuokolewa, kama kuna damu benki na mtu wa ganzi yupo zamu.

Wenzangu wa taaluma nasi tumechangia imani hii. Kwa miaka mingi kila mimba iliyotoka ilifuatwa na kukwangua kizazi kwa chuma, na wananchi wakajifunza kwetu kwamba bila kusafishwa hujapona. Shirika la Afya Duniani limeshasema kukwangua kwa chuma kumepitwa na wakati, na mahali pake pachukuliwe na kufyonza au dawa. Ukikwangua kupita kiasi, kuta za kizazi huweza kugandana kwa makovu, tatizo ambalo Joseph Asherman alilieleza mwaka 1948. Na yapo madhara makubwa zaidi: kumsafisha mtu ambaye mimba yake ni hai. Altrasaundi ya wiki ya tano inaweza isionyeshe mapigo ya moyo hata kama kila kitu ni kizima. Hatutangazi kwamba mimba imekufa mpaka kiinitete kiwe kimefika milimita 7 bila mapigo, au mfuko uwe na wastani wa milimita 25 bila kiinitete ndani, kwa kipimo cha kupitia ukeni. Chini ya hapo, mama asiyetoka damu nyingi anarudi baada ya siku 7 hadi 14 apimwe tena. Dada, ukiambiwa usafishwe leo kwa altrasaundi moja ya mapema, una haki ya kuomba kipimo cha pili.

Sasa huduma yenyewe. Mimba changa ikiwa imeharibika na wewe ni mzima, una njia tatu: kusubiri kwa wiki moja au mbili itoke yenyewe, kutumia misoprostol kwa maelekezo ya mtoa huduma, au kufyonzwa kwa bomba la mkono, lile wauguzi wanaloliita MVA. Kufyonza huchukua dakika chache, kwa ganzi ya mlango wa kizazi na dawa ya maumivu. Omba dawa hizo kabla, si baada. Kinachotolewa huoshwa na kuwekwa kwenye chombo chenye maji safi, chini ya taa, tuone vinyuzi vyeupe vya kondo vikielea. Tusipoviona, tunatafuta mimba nje ya kizazi.

Si lazima ukimbilie mkoani. Vituo vya afya vingi vina mkunga au tabibu aliyefunzwa kufyonza; anzia hapo. Hospitali ya rufaa ya mkoa ni ya anayehitaji damu, upasuaji, bingwa, au mwenye mimba zabibu, ambaye lazima afuatiliwe kwa vipimo vya damu kwa miezi. Ukilowanisha pedi mbili kwa saa kwa saa mbili mfululizo, ukizimia, ukiumwa bega au upande mmoja, ukipata homa, usisubiri asubuhi: piga 115, usafiri wa dharura wa m-mama, ni bure. Mweleze mtoa huduma ukweli wote. Sheria yetu inakataza kutoa mimba, lakini kumtibu anayetoka damu si kosa, hata kama aliitoa mwenyewe, na siri yake ni siri yake. Kama kundi lako la damu ni hasi, sema. Kama zimetoka mbili au tatu mfululizo, omba uchunguzi. Kama unatoka damu na mimba bado hai, na uliwahi kupoteza nyingine, uliza kuhusu projesteroni. Kulala kitandani wiki nzima hakuokoi mimba.

Nasi hospitali za mikoa tuna deni. Chumba cha altrasaundi kisifungwe saa tisa na nusu alasiri kana kwamba mimba hutoka saa za kazi tu, na aliyepoteza mimba asilazwe kitanda kinachopakana na cha aliyejifungua.

Ukisharudi nyumbani, pima mkojo baada ya wiki tatu. Kabla ya hapo kipimo bado kinaweza kuonyesha mimba, usishtuke. Kikionyesha baada ya hapo, au damu ikiendelea kutoka, rudi pale ulipotibiwa na ukadai kupimwa.