Mwenye Kimea Ndiye Mwenye Bia

Mkulima wa Mbozi mwenye gunia la mahindi ana njia nyingi. Akiikataa bei ya dalali aliyepita kijijini, atalipeleka gulioni au mashineni, ama atalihifadhi hadi Februari bei ipande, na yote yakishindikana nyumbani watasonga ugali. Jirani yake aliyelima shayiri ya bia hana njia hizo. Shayiri hatuisongi ugali, na gulioni haiulizwi. Mnunuzi wake ni mmoja, kampuni ya bia iliyompa mbegu na mbolea kwa mkopo. Kampuni ikisema punje zina protini nyingi mno, au unyevu umezidi, mzigo unarudi nyumbani kuwa chakula cha ng'ombe na deni la mbolea linabaki palepale.

Tunapozungumzia nguvu za kampuni kubwa za bia, macho hukimbilia mabango na friji zilizopangwa kwenye baa za Mwanjelwa, Mbeya. Nguvu hiyo huanza mapema zaidi, kabla bia haijawa bia. Huanzia kwenye kimea, yaani nafaka iliyochipushwa kisha ikakaushwa. Anayeishika hatua hiyo moja humbana mkulima upande huu na mtengenezaji mdogo upande ule, na wote wawili hukosa pa kwenda. Nyanda za Juu Kusini zinaweza kujinasua, kwa sababu akina mama wapika pombe wa Mbeya na Iringa hawajawahi kuinunua hatua hiyo kwa mtu.

Kimea na ugumu wake

Hamira inayotengeneza kilevi hula sukari. Wanga wa nafaka haiuwezi mpaka ukatwekatwe, na wa kuukata ni vimeng'enya ambavyo punje yenyewe huvitoa inapochipua. Ukiiloweka nafaka na kuiacha ianze kuota, kila punje hujiandaa kuigeuza akiba yake ya wanga kuwa sukari ya kulishia chipukizi. Mtengenezaji hulikatiza zoezi hilo kwa kuikausha nafaka kabla chipukizi halijaimaliza akiba. Baadaye, kimea kikisagwa na kuchanganywa na maji ya moto, vimeng'enya huamka na kuendelea na kazi, safari hii kwa faida ya mpika pombe.

Kwa shayiri, kuloweka huchukua siku mbili hivi, kuchipusha siku nne au tano, na kukausha karibu siku nzima. Ugumu uko kwenye usawa. Punje 95 au zaidi katika kila 100 zinatakiwa kuota, tena kwa pamoja. Protini inatakiwa iwe kati ya asilimia 9 na 12, kwa kuwa ikizidi bia huwa na ukungu na sukari hupungua. Joto la tanuri lazima lipande taratibu, maana likipanda mapema huviua vimeng'enya. Ndiyo maana viwanda vya kimea cha shayiri hujengwa vikubwa na kwa mtaji mzito. Anayetaka kupika mapipa kumi kwa wiki anahitaji kimea cha ubora uleule anaouhitaji anayejaza malori.

Ramani iliyogawanywa

Tanzania Breweries, ambayo wengi tunaiita TBL, ilitaifishwa mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha. Mwaka 1993 serikali iliiuzia South African Breweries nusu ya hisa. Kenya Breweries nayo ilijenga kiwanda cha Kibo pale Moshi, na Waafrika Kusini wakajenga chao Thika, Kenya. Ushindani huo haukudumu. Mwaka 2002 pande mbili zilielewana: kiwanda cha Kibo kikafungwa, cha Thika kikafungwa, na kila upande ukachukua asilimia 20 ya hisa katika kampuni ya mwenzake. Mnywaji alibaki na chaguo pungufu, na mkulima wa shayiri alibaki na mlango mmoja wa kubisha.

Mwaka 2010 East African Breweries, kampuni mama ya Kenya Breweries, ilinunua asilimia 51 ya Serengeti Breweries. Tume ya Ushindani, FCC, ilikubali kwa sharti kwamba iuze zile asilimia 20 zake ndani ya TBL, na mwaka 2011 hisa hizo ziliuzwa. Hapo sheria ilionyesha kwamba inaweza kuuma. Mwaka 2016 mmiliki wa TBL, ambaye kwa wakati huo alikuwa SABMiller, mrithi wa South African Breweries, alinunuliwa na AB InBev kwa zaidi ya dola bilioni 100, na TBL ikawa tawi la kampuni kubwa kuliko zote za bia duniani.

TBL ina kiwanda cha bia jijini Mbeya. Uwezo wake wa kutengeneza kimea, hata hivyo, ulijengwa Moshi, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Baridi ya Makete, Njombe na safu za Mbeya inaifaa shayiri, na watafiti wa kilimo wapo Uyole, Mbeya. Kinachokosekana huku ni hatua ya katikati, na inapokosekana, mkulima hana cha kushikia anapojadili bei.

Hopsi: somo la mwaka 2017

Kiungo cha pili cha bia ya kisasa ni hopsi, maua machungu yanayoipa bia harufu na kuilinda isiharibike. Mmea huu hupenda mchana mrefu wa kiangazi, kwa hiyo hustawi mbali na ikweta. Barani Afrika eneo linalojulikana ni George, kusini kabisa mwa Afrika Kusini, ambako ilibidi kuzalishwa mbegu zinazovumilia mchana mfupi. Mashamba na utafiti huo vilikuzwa na South African Breweries.

Mwaka 2017, mavuno ya George yalipokuwa hafifu, AB InBev ilitangaza kwamba hopsi za Afrika Kusini zitabaki kwa matumizi yake yenyewe. Watengenezaji wadogo wa Marekani, ambao walikuwa wameanza kuzipenda kwa harufu yake ya matunda, waliambiwa hakuna mzigo. Kampuni ilisema haikuwa na ziada ya kuuza, na huenda ilikuwa hivyo kweli. Hata hivyo tukio lile linaeleza jambo lenyewe bila kuhitaji mtu mwenye nia mbaya. Anayemiliki shamba, ghala na kiwanda hujihudumia kwanza mwaka wa njaa, na mshindani wake hula kilichobaki. Kama hilo liliwapata Wamarekani wenye mitaji na masoko mengine ya kukimbilia, kijana wa Iringa anayetaka kupika bia yake ana kinga gani?

Hesabu ya mtengenezaji mdogo

Tumchukue kijana huyo. Anataka kupika lita 1,000 kwa wiki, kiasi cha kutosheleza baa chache za mjini Iringa. Bia ya kimea kitupu huhitaji takriban kilo 20 za kimea kwa lita 100. Hiyo ni kilo 200 kwa wiki, kama tani 10 kwa mwaka. Kwa kampuni kubwa tani 10 ni mabaki ya kufagia ghalani, na haina sababu ya kumuuzia mshindani. Akiagiza nje, kontena la futi 20 hubeba tani 18 hadi 20 za kimea kilichofungwa kwenye magunia. Analipa leo kimea cha karibu miaka miwili, anakitoa bandarini Dar es Salaam, anakisafirisha kilomita 500, kisha anakilinda dhidi ya unyevu na wadudu kikizidi kuchakaa. Mtaji umelala ghalani kabla hajauza chupa ya kwanza.

Kodi inaongeza uzito. Katika mwaka wa fedha 2021/22 serikali ilipunguza ushuru wa bia inayotumia shayiri iliyolimwa na kufanywa kimea hapa nchini, kutoka Sh765 hadi Sh620 kwa lita. Nia ni njema, na mkulima alistahili. Lakini nafuu hiyo ilivunwa na aliyefikiwa na kimea cha ndani. Kwa viwango vya mwaka huo, kijana wetu aliyelazimika kuagiza nje angelipa Sh145 zaidi kwa kila lita. Kabla ya hapo kulikuwa na nafuu nyingine, ya bia ya nafaka za nyumbani zisizofanywa kimea, ambayo mwaka 2017/18 ilitozwa Sh450. Bia ya namna hiyo huhitaji vimeng'enya vya viwandani badala ya kimea, na hivyo navyo hutengenezwa na kampuni chache za ng'ambo. Nafuu zote mbili ziliandikwa kwa kipimo cha mwenye kiwanda kikubwa.

Tena nafuu ya kodi peke yake haimkomboi mkulima. Nchini Kenya, bia ya Senator ilianza mwaka 2004 kwa msamaha wa ushuru, ikatumia mtama wa wakulima wa huko. Mwaka 2013 serikali ikaitoza ushuru wa asilimia 50, mauzo yakaanguka, na wakulima wakabaki na mtama mikononi. Mwaka 2015 msamaha ulirudishwa. Kosa halikuwa la mtama. Walioulima walikuwa wamefungwa kwenye bia moja na mnunuzi mmoja, kwa hiyo kalamu ya bajeti ikiteleza Nairobi, shamba la Siaya linalia.

Hata akivuka vikwazo hivyo, mtengenezaji mdogo anakutana na baa ambayo friji, viti, mwavuli na ubao wa jina vimetolewa na kampuni kubwa. Mzozo wa mabango ya baa kati ya Serengeti na TBL ulifika FCC na kisha Baraza la Ushindani. Kama kampuni ya ukubwa wa Serengeti ililazimika kwenda kushitaki, mdogo asiye na wakili atanyamaza.

Walioko nje ya mnyororo

Sasa tutazame upande ambao wataalamu wa viwanda hawautazami. Mbeya na Iringa zina watengenezaji wadogo wengi, tena wa siku nyingi, na wengi wao ni wanawake. Wanapika komoni kwa mahindi na kimea cha ulezi. Wanapika kimpumu cha ulezi, kinachotiwa maji ya moto na kunywewa kwa mrija. Katika Kilolo na Mufindi, masika yakifika, wagema wa ulanzi, pombe ya mianzi, hukata machipukizi ya milanzi asubuhi na jioni na kukinga utomvu kwenye mbeta, vyombo vya mwanzi. Ukiwa mtamu ni mtogwa, na ukishakolea ni mkangafu.

Mama wa komoni anaushika mnyororo wote. Ulezi anaununua sokoni kwa yeyote, anauloweka, anauvumbika kwenye gunia hadi uchipue, anauanika juani, anausaga mashine ya mtaani. Kitaalamu anafanya kilekile kinachofanywa na kiwanda cha kimea, na ulezi unamsaidia, maana kimea chake kina nguvu nzuri ya kuukata wanga. Mwenye ulanzi hahitaji kimea kabisa, kwa sababu mlanzi humpa sukari tayari. Hakuna kampuni inayoweza kumfungia bomba mmoja wao.

Wanachokosa ni uhifadhi na uhalali wa kukua. Ulanzi huchacha ndani ya saa chache na kuendelea kuchacha, hivyo ukiufunga kwenye chupa bila kuuzuia, chupa hupasuka. Komoni haidumu siku nyingi. Sheria ya vileo ya 1968 inawajua kama wauzaji wa kilabu wenye saa za kufungua na kufunga, na aliyetaka kusogea kidogo anakutana moja kwa moja na masharti ya kiwanda kamili, pamoja na stempu za kodi za kielektroniki zilizoanza mwaka 2019. Kati ya kilabu na kiwanda hakuna ngazi.

Silisemi hili kuwahimiza watu wanywe. Pombe imevunja nyumba nyingi huku kwetu, na marufuku ya Machi 2017 ya viroba vya pombe kali ilikuwa na sababu. Lakini pombe inayopikwa kwa usafi, ikapimwa kilevi na kulipiwa kodi, ni salama kuliko gongo ya kificho, na fedha yake hubaki wilayani.

Yanayowezekana

La kwanza ni nyumba ya kimea ya pamoja, moja Mbeya na moja Iringa, chini ya ushirika wa wakulima na kwa msaada wa SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, na watafiti wa Uyole. Ianze na ulezi na mtama, ambavyo vina wanunuzi wengine sokoni, kisha shayiri ifuate. Kimea hicho kiuzwe kwa gunia moja moja, kwa mama wa komoni na kwa kijana wa Iringa kwa bei ileile, na hata kwa watengenezaji wa uji wa lishe.

La pili ni ngazi ya ushuru kwa wadogo, kulingana na lita wanazopika kwa mwaka. Nchi nyingi za Ulaya zinafanya hivyo, na Uingereza ilianza mwaka 2002.

La tatu ni FCC kutazama upande wa ununuzi. Sheria ya Ushindani ya 2003 iliweka asilimia 35 ya soko kuwa kizingiti cha kuihesabu kampuni kuwa na nguvu sokoni, na ikakataza kuitumia nguvu hiyo vibaya. Tumezoea kuisoma kwa jicho la mlaji anayenunua. Isomwe pia kwa jicho la mkulima anayeuza: mkataba wa shayiri uoneshe bei kabla ya kupanda, vipimo vya protini na unyevu vifanywe mbele ya mkulima au na maabara ya mtu wa tatu, na mzigo uliokataliwa usimbakizie deni lote peke yake.

Kampuni kubwa zitaendelea kuwepo, zitaajiri na zitalipa kodi, na hakuna anayetaka zifunge milango Mbeya. Tunachodai ni mlango wa pili. Madiwani wa Mbeya na Iringa wanaweza kuanza na nyumba ya kimea kwenye bajeti ijayo ya halmashauri bila kusubiri kibali cha mtu, kwa kuwa ulezi upo, ujuzi upo, na wenye ujuzi huo wanalipa ushuru wa soko kila siku.