Sanduku la Sanda la Akina Mama wa Dagoretti Corner



Mtu akitoka katikati ya Nairobi kwa njia ya Ngong, akaupita uwanja wa maonyesho wa Jamhuri na makao makuu ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa, hufika mahali njia inapogawanyika. Moja yaendelea kwenda Karen na Ngong. Ya pili, iitwayo njia ya Naivasha, yaelekea Kawangware na Riruta. Hapo ndipo Dagoretti Corner. Sisi watu wa pwani Nairobi twaijua kwa Majengo ya Pumwani, kwa Eastleigh na kwa Msikiti wa Jamia. Pande za magharibi ya jiji twazipita tu, tukiangalia dirishani. Nasi tulikuwa vivyo hivyo mpaka tulipoitwa huko na akina mama waliokuwa na swali.

Tuliwakuta baada ya Alasiri katika nyumba ya mmoja wao, wamekaa jamvini. Mbele yao palikuwa na sanduku la bati lenye kufuli mbili, na kila ufunguo una mwenyewe. Mama mmoja ana asili ya Mombasa, mwingine ni Mnubi wa Kibra, wengine ni Wakamba na Wakikuyu waliosilimu au waliozaliwa na wazazi waliosilimu, na wawili ni Wasomali. Hawazidi 20. Majina yao hatutayataja, kwa kuwa wametuomba tusiyataje.

Chama hiki hakikuanzishwa kwa ajili ya pesa. Kilianzishwa kwa ajili ya maiti. Walitusimulia kwamba miaka ya nyuma alifariki jirani yao asubuhi, na mumewe yu safarini. Wanaume walijaa nje ya nyumba, wasomaji wa Yasini walikuwapo, na gari lilikuwa limekwisha patikana. Aliyekosekana ni mwanamke mmoja tu ajuaye kuosha. Maiti alilala mpaka Adhuhuri ikapita, hata walipofika akina mama wawili kutoka Kibra. Mmoja wa waliokuwapo siku ile alituambia, "Sheikh, tuliona haya. Tulikuwa wanawake wazima kumi ndani ya chumba, na sote twatazamana."

Hatukuwa na la kumjibu. Ni miaka mingapi tumekaa juu ya mimbari tukiwaeleza wanawake namna ya kujistiri, wala hatukuwakalisha chini siku moja kuwafundisha namna ya kumstiri mwenzao aliyekufa? Haya ile si yao peke yao.

Basi wakamfuata yule mzee wa Kinubi, akawafundisha. Walijifunza kuosha kwa maji ya majani ya mkunazi, na maji ya mwisho kutiwa karafuu maiti. Walijifunza kukata sanda ya mwanamke nguo tano: kikoi cha chini, kanzu, ushungi, kisha shuka mbili za kumzungusha mwili mzima. Walijifunza pia kwamba muoshaji hasimulii alichokiona, na hili, wasema, lilikuwa gumu kuliko kukata bafta. Baada ya hapo ndipo likanunuliwa sanduku. Kila mama alitia alichojaaliwa kila Ijumaa, ili bafta, karafuu maiti na udi visikosekane ndani, na ipatikane nauli ya kuwafikisha waoshaji penye msiba, na maziko yakiwa Kariokor, Lang'ata au Kibra, wafiwa wasitembeze kofia.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo madogo. Lakini vyama vya wanawake katika nchi hii vina historia ndefu, na ndani yake mna mafunzo kwa sanduku hili.

Mama mwenye asili ya Mombasa alikumbuka kwamba alipokuwa mtoto aliwaona wakubwa wake wakicheza lelemama. Wasomaji wetu wa Mji wa Kale hawahitaji kuambiwa. Palikuwa na Kingi na Scotchi, kisha Banu Saada na Ibinaal Watan, na ushindani baina yao ulifika hadi ya watu kuuza dhahabu zao ili karamu yao ishinde ya wenzao. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeandika katika gazeti lake la Al-Islah tangu mwaka 1932 na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliukemea ubadhirifu wa namna hiyo, huku akihimiza wasichana wasomeshwe. Sisi tu pamoja naye katika yote mawili. Hata hivyo, kwa insafu, tuseme na upande wa pili: ndani ya vyama vile vya ngoma wanawake walichagua viongozi wao, walitunza fedha zao, na walikwenda arusini na matangani kama jamaa moja. Ngoma ilipopoa katika miaka ya 1950, ujuzi huo haukupotea. Vikazuka vyama vya aina nyingine, vya wanawake wa Kiarabu kwanza, na baadaye jina la Uarabu likaondolewa likawekwa la Uislamu ili wenzao wasijione wageni. Bibi Shamsa Muhamad Muhashamy, aliyekuwa katika harakati hizo, maisha yake yamo katika kitabu kilichotolewa kwa Kiswahili mwaka 1991 pamoja na ya mabibi wengine wawili wa Mombasa. Kinafaa kuwamo majumbani mwetu.

Bara mambo yalianza kwa mlango mwingine. Si mbali na Dagoretti, huko Kabete, palifunguliwa mwaka 1925 Shule ya Jeanes ya kufundisha walimu wa vijijini, na wake zao nao wakafundishwa kushona, kupika na kulea watoto. Mwaka 1952 likaundwa shirika la Maendeleo ya Wanawake chini ya idara ya serikali ya kikoloni, na mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, ikatangazwa hali ya hatari. Watu wa Dagoretti, ambayo wakati huo ilihesabiwa katika Kiambu, walikusanywa katika vijiji vyenye ulinzi. Vilabu vya wanawake viliwagawia watoto maziwa, jambo la kheri lisilo shaka. Lakini serikali ilivitumia pia kuwavuta akina mama waiache Mau Mau. Maziwa yale yalikuwa na mwenyewe.

Baada ya uhuru shirika likaja mikononi mwa wanawake wa nchi, likaenea kila wilaya, likajenga nyumba yake mjini Nairobi. Mwaka 1987 likaunganishwa na chama tawala cha KANU, na kwa miaka kadhaa ikawa vigumu kujua ni wapi siasa inaishia na chama cha akina mama kinaanzia. Lilipokwisha kutengana na chama hicho likaendelea, na mwaka 2006 akachaguliwa kuliongoza Bibi Rukia Subow, dada yetu katika Uislamu. Tumeyataja haya kwa sababu akina mama wa Dagoretti Corner nao wamekwisha kujiwa na mtu aliyetaka kulijaza sanduku lao ili apigwe picha nalo. Walimpa chai, wakamshukuru, akaondoka na bahasha yake.

Sasa tuje kwenye swali tuliloitiwa.

Majirani zao wengi wamo katika vyama ambavyo fedha hukusanywa mezani na kukopeshwa papo hapo, na mkopaji hurudisha na asilimia 10 kila mwezi. Mwisho wa mwaka hugawana, na kweli wanapata: mmoja amenunua cherehani, mwingine amelipa karo. Baadhi ya akina mama wetu, hasa vijana, wakauliza kwa nini lao lilale tu na bafta. Wengine wakasema wakiingia humo watajitoa. Chama kilikuwa karibu kuvunjika.

Tulijibu kama ambavyo ungetarajia. Tulisema kwamba nyongeza iliyoshurutishwa juu ya mkopo ni riba, iwe imetozwa na benki yenye ghorofa 20 au na mama kumi jamvini, na kwamba mkopo mwema haudai ila ulichotoa. Tulidhani tumemaliza. Ndipo mama mmoja kijana, muuza mboga, akatuuliza kwa adabu: "Sheikh wetu, huo mkopo mwema tuliujaribu. Aliyekopa alijua hauzai, akaulipa baada ya madeni yake yote yanayozaa. Sisi tulikuwa wa mwisho. Je, hilo nalo ni haki?"

Swali hili lilitunyamazisha kitambo. Ni rahisi kuharimisha mlango, na sisi wenye vilemba twaujua wepesi huo. Kazi ni kumwonyesha mtu mlango wa halali ulio wazi. Tukakaa nao mpaka karibu ya Magharibi. Tuliwakumbusha kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani imekuja kuhusu deni: liandikwe, liwekewe muda na mashahidi. Wao walikuwa hawaandiki, kwa kuoneana muhali. Tukawaeleza juu ya rahani, kwamba mkopaji aweza kuweka bangili yake sandukuni mpaka alipe, na juu ya mdhamini. Na kwa mwenye kutaka cherehani, chama chaweza kuinunua chenyewe, kikaimiliki na kuipokea, kisha kikamuuzia kwa bei iliyo na faida inayojulikana, alipe kidogo kidogo. Bei hiyo haipandi akichelewa. Hiyo ni biashara, na faida yake ni halali kugawanywa.

Waliuliza pia juu ya Hazina ya Uwezo, iliyoanzishwa na serikali mwaka 2013, inayokopesha vikundi bila riba lakini hukata ada ya usimamizi ya asilimia 3. Tuliwaambia kwamba ada inayolingana na gharama halisi ya kazi haina ubaya, lakini wanavyuoni wana maneno juu ya ada inayopanda kwa kadiri ya mkopo. Wasiifanye kuwa tegemeo. Isitoshe, kwa sheria ya mwaka 2022 kikundi chatakiwa kusajiliwa, kiwe na watu wasiopungua kumi, na kiwe na katiba. Hilo la kusajiliwa tuliwahimiza walifanye hata kama hawatakopa senti.

Hawakukubaliana wote. Mama wawili walisema watangoja waone cherehani ya kwanza italipwaje. Jambo moja lilipita bila mpinzani, nalo ni rai ya yule mzee wa Kinubi: fedha za sanda zitengwe katika sanduku la pili, zisikopeshwe wala zisifanyiwe biashara, hata kwa saa moja. Mwandishi wao akaliandika, na mara hii mashahidi wakatia saini.

Tulipokuwa tukivaa viatu, mwenye ufunguo mmoja alitufuata mlangoni. Bafta ya Nairobi, alisema, ni nyepesi na ghali. Je, tungeweza kuwaletea jora moja kutoka Biashara Street, Mombasa? Akatuhesabia fedha, akataka risiti. Jora tumekwisha linunua, na risiti imo ndani yake.