Injini Gani Imo Ndani? Kuzisoma Pikapu Kuukuu za Kasese na Bwera

Ukipiga simu Kisekka, soko la spea la Kampala, kuagiza gasketi ya hedi ya Hilux, swali la kwanza utakaloulizwa ni moja: "Ni 2L au 3L?" Mwenye gari aliyeko Bwera, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapo, mara nyingi hulitazama gari lake kwa nyuma na kujibu kwa maandishi ya kiwandani: "Imeandikwa 2.4." Gasketi ya 2L inapakiwa kwenye basi. Ikifika, fundi anailaza juu ya bloku na kuona ukingo wake umeingia ndani ya duara la silinda. Si saizi yake. Pesa imekwenda, gari bado limefunguliwa, na kahawa ya mteja iko Kyarumba inasubiri kushushwa.

Hasara hii inazuilika kwa robo saa ya kusoma chuma, na kila mwenye pikapu anaweza kujifunza kusoma hivyo bila kuwa fundi.

Kwanza tuelewe kwa nini huku kwetu maandishi ya nje hayaaminiki. Tangu sheria ya mwaka 2018 ilipopiga marufuku kuingiza Uganda magari yenye miaka 15 au zaidi tangu yatengenezwe, pikapu za miaka ya 1980 na 1990 ni zile zile zilizokwisha kuingia, na zinatunzwa kwa kukarabatiwa. Zinapanda milima ya Rwenzori zikiwa na mzigo kupita kiasi, zinachemsha, hedi zinapasuka. Injini ikishindikana, mwenyewe hanunui gari jingine. Ananunua injini ya mtumba iliyotoka Japani au Dubai na kuifunga katika gari lile lile. Mlango wa nyuma haubadilishwi. Basi gari linaendelea kutangaza injini iliyokwisha kuuzwa kama chuma chakavu miaka kumi iliyopita.

Fungua boneti. Kwenye ukuta unaotenganisha injini na kabini, Toyota huweka kibati chembamba cha chuma. Tafuta neno MODEL, na karibu yake neno ENGINE. Tuseme umekuta LN106R, na kwenye ENGINE ukakuta 3L na 2779 cc. L ya mwanzo ni ukoo wa injini, yaani dizeli za L. N ni Hilux. 106 ni toleo la gari lenyewe, na R ni usukani wa kulia. Hapa Bwera, hatua chache kutoka mpaka wa Mpondwe, herufi hiyo ya mwisho ina maana yake: Kongo wanaendesha kulia mwa barabara, kwa hiyo utakutana pia na magari yenye L mahali pa R, yaliyotengenezwa kwa usukani wa kushoto. Usiichanganye L hiyo na ile ya mwanzo. Kibati kikianza na YN, gari lilizaliwa na petroli ya ukoo wa Y, kama 3Y au 4Y. RN ni petroli ya ukoo wa R, ambamo 22R inajulikana zaidi. KZN ni dizeli ya lita tatu yenye tabo, 1KZ.

Lakini kibati kinasimulia gari lilivyotoka kiwandani tu. Injini ikitolewa, kibati kinabaki ukutani kikisema yale yale.

Kwa hiyo uzito wote uweke kwenye bloku. Ubavuni mwake kuna sehemu ndogo iliyosawazishwa, na hapo kiwanda hupiga namba ya injini. Kwenye pikapu kuukuu sehemu hiyo huwa imefunikwa na mafuta na vumbi la miaka. Isugue kwa brashi ya waya na dizeli kidogo, ikaushe kwa kitambaa, kisha pitisha chaki nyeupe juu yake. Unga wa chaki utaingia kwenye mikato na herufi zitatokea. Toyota huanza namba na jina la injini: 2L, 3L, 5L. Kwenye Nissan tafuta TD25 au TD27, kwenye Mitsubishi L200 tafuta 4D56, kwenye Isuzu TFR tafuta 4JA1 au 4JB1. Usichukue maandishi ya hedi wala ya kifuniko cha valvu badala ya haya. Hedi hubadilishwa kuliko kitu kingine chochote, hasa kwa magari ya milimani. Na ukikuta mahali pa namba pamesagwa kwa mashine, au herufi zimepinda na hazilingani kina, usiinunue injini hiyo hata kwa bei ya kutupa.

Ukoo wa L ndio unaosumbua watu zaidi, kwa sababu kwa macho injini zake zote zinafanana. Injini ya L yenyewe ni cc 2188, 2L ni 2446, 3L ni 2779, na 5L ni 2986. Zote zina silinda nne, na zote huendesha kamshafti kwa mkanda. Hata ndani ya jina moja kuna tofauti. 2L za zamani, zilizofungwa kwenye Hilux hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, zina roka zinazosukuma valvu. Zilizofuata, pamoja na 3L, hazina roka: kamshafti inakandamiza valvu moja kwa moja kupitia vikombe vidogo. Fungua kifuniko cha valvu na utaliona hilo mara moja. Mwenye kuuza hedi anayekuambia "2L ni 2L" anakuuzia matatizo.

Namba isiposomeka kabisa, kinachobaki ni kipimo, na hapo lazima hedi iwe imetolewa. Kuna wanaojaribu kupitisha waya kwenye tundu la nozo ili kupima mwendo wa pistoni. Kwenye injini za L hilo halifai, kwa sababu nozo hupuliza dizeli katika chumba kidogo kilicho ndani ya hedi, na tundu halielekei pistoni. Chukua kalipa upime upana wa silinda. 2L ni milimita 92. 3L ni 96. 5L ni 99.5. Kama kipimo kimezidi kwa nusu milimita, injini imekwisha kuchongwa. Futa masizi kichwani mwa pistoni na huenda utakuta imeandikwa 0.50 mahali ambapo pistoni ya kiwandani huandikwa STD. Ringi na pistoni za kuagiza zifuate saizi hiyo.

Kipimo hiki kina mpaka wake, na Isuzu ndiyo inayouonyesha vizuri. 4JA1 ya cc 2499 na 4JB1 ya cc 2771 zina silinda za upana ule ule, milimita 93. Kinachozitofautisha ni mwendo wa pistoni: 92 kwa ya kwanza, 102 kwa ya pili. Fundi anayepima upana peke yake hatajua ameshika ipi. Lazima azungushe krenki na kupima pistoni inaposhuka kutoka juu kabisa hadi chini kabisa. Vivyo hivyo TD27 ya Nissan ina upana wa 96 sawasawa na 3L ya Toyota, ila mwendo wake ni 92.

Kuna jambo moja ambalo kwangu ni zito kuliko gasketi. Hilux nyingi za dizeli zina taa ya T-BELT kwenye dashibodi, inayowaka gari likifikisha kilomita 100,000 ili mkanda wa kamshafti ubadilishwe. Taa hiyo inahesabu mwendo wa gari. Haijui kwamba injini iliyomo ndani imeletwa juzi, ikiwa na mkanda ambao hakuna anayejua umri wake. Mkanda ukikatika kwenye mteremko kutoka Kyondo, valvu na pistoni hugongana, na injini uliyoilipia inaharibika hapo hapo. Kwa hiyo ukishathibitisha kuwa umefungiwa 2L, 3L au 5L ya mtumba, weka mkanda mpya kabla ya kuiwasha kwa kazi, taa iwe imewaka au haijawaka. Mwenye TD27 hana shida hiyo. Kamshafti yake inaendeshwa kwa gia, na ndiyo maana kujua jina la injini kunabadilisha hata orodha ya matengenezo.

Baada ya hapo kuna karatasi. Logibuku ya gari ina namba ya chasisi na namba ya injini. Ukibadilisha injini, omba risiti yenye namba ya injini mpya na upeleke mabadiliko hayo yaandikishwe. Wanaovuka Mpondwe kwenda Kasindi na Beni wafanye hivyo mapema, kwa sababu ofisa akiamua kulinganisha namba za karatasi na za chuma, maelezo ya mdomo hayatoshi.

Na unapoagiza spea, usitume jina la gari peke yake. Tuma picha tatu kwa simu: kibati, namba ya bloku iliyopakwa chaki, na kifaa cha zamani kikiwa kimelazwa kando ya rula. Kama kibati na bloku havilingani, mwambie muuzaji afuate bloku kwa vitu vya injini, na afuate kibati kwa breki, springi na mwili wa gari.