Jeli, karatasi ya zawadi au LED: rangi ipi ya taa inalipa?

Mwenye studio ya picha Subukia akitaka ukuta mweupe nyuma ya mteja uwe wa bluu, ana njia tatu, na bei zake zimepishana mno.

Ya chini kabisa ni ile karatasi angavu ya kufungia maua na zawadi, ya makumi machache ya shilingi. Kwa ukuta inatosha. Kwa uso siipendekezi, maana rangi yake haijapimwa: bluu ya leo na ya mwezi ujao huenda zisifanane. Tena usiiweke mbele ya taa ya halojeni. Itajikunja na kuyeyuka.

Jeli zenyewe, yaani plastiki za rangi za kuwekwa mbele ya taa, za Lee au Rosco, zina namba, na rangi hukaa palepale. Lee 204, ya chungwa, hugeuza mwanga wa kelvini 6500 uwe wa 3200, kama wa balbu za zamani. Kuzipata itabidi uagize Nairobi na ulipie kifurushi, na hapo wengi huvunjika moyo. Lakini piga hesabu. Shiti moja ya Lee ni sentimita 53 kwa 122. Ukikata vipande vya 8 kwa 10, vinavyofunika kichwa cha flashi, unapata 72. Wapiga picha watatu wakichanga, kila mmoja ana vipande 24, na gharama ya kipande inakuwa ndogo sana.

Taa ya LED ya rangi ni maelfu ya shilingi. Ukipiga video, nunua, kwa sababu flashi haitakusaidia. Lakini kwa picha za nje, kama Oktoba waumini wanapofika kwenye kituo cha kitaifa cha hija ya Bikira Maria hapo Subukia kwa siku ya maombi, jua la ikweta huimeza LED ndogo. Flashi yenye jeli, ikisogezwa karibu, bado huonekana.

Ngozi nyeusi hupendeza sana na rangi ikitoka ubavuni, nyuma kidogo: bluu inachora mstari kwenye shavu na taya, uso ukibaki na mwanga mweupe. Ukiimwaga bluu iliyokolea kutoka mbele, midomo huonekana karibu nyeusi.

Ningeanza na 204 na bluu moja. Nyekundu iliyokolea hula mwanga na betri. Ingoje mteja atakayeiomba.