Maabara ya shule: darasa la afya linalofunguliwa wakati wa mtihani tu

Msomaji, chukua kipande cha mkate mkavu, usikipake chochote. Kitafune polepole bila kukimeza kwa dakika mbili hivi. Mwanzoni hakina ladha ya maana. Kisha, kidogo kidogo, utaanza kuhisi utamu ambao si wewe uliyeutia.

Utamu huo umetoka wapi? Mwanafunzi wa sekondari aliyekariri kitabu chake cha Bayolojia atakujibu papo hapo kuwa mate yana kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa sukari. Mwulize amejuaje, na huenda akakutazama tu.

Yule aliyeingia maabara hatakuwa na shida ya kujibu. Alisukutua kinywa kwa maji, akatema mate katika kichupa, akayachanganya na uji mwepesi wa wanga na kukiweka kichupa katika maji yenye joto la nyuzi 37, yaani joto la mwili wa binadamu. Kila baada ya dakika moja alichota tone na kulidondoshea iodini juu ya kigae cheupe. Matone ya kwanza yaligeuka rangi ya samawati iliyokoza karibu na weusi, ishara kwamba wanga bado upo. Yaliyofuata yalianza kuwa ya kahawia. Mwishowe iodini ilibaki na umanjano wake wa kawaida: wanga umekwisha. Alipoongeza dawa ya Benedict, ambayo ni ya buluu, na kuchemsha, rangi iligeuka kijani, halafu manjano, halafu nyekundu kama tofali. Hiyo ndiyo sukari.

Kando yake palikuwa na kichupa cha pili chenye mate yaliyochemshwa kwanza. Hicho hakikubadilika hata baada ya nusu saa, kwa kuwa moto ulikuwa umeharibu kimeng'enya. Bila kichupa hicho cha pili jaribio zima halina maana, kwani mtu angeweza kudai kwamba wanga umejigeuza wenyewe.

Kijana aliyeona hayo huhitaji kumhubiria sana kuhusu meno. Anaelewa kwamba makombo ya biskuti au mkate yanayobaki kati ya meno usiku kucha hayakai bure. Mate huyageuza sukari, viini vilivyo kinywani huila, na asidi wanayotoa ndiyo inayotoboa jino. Ndiyo sababu mswaki wa usiku una uzito kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Jaribio jingine linatuhusu sote tulao sukuma wiki. Vitamini C ina tabia ya kuondoa rangi. Shuleni hupimwa kwa dawa ya buluu iitwayo DCPIP, lakini mwalimu asiye na dawa hiyo anaweza kutumia maji ya wanga yaliyotiwa tone la iodini. Mwanafunzi hudondosha maji ya chungwa, tone moja moja, akihesabu hadi rangi ipotee. Kisha huchemsha maji yale yale ya chungwa kwa robo saa, akaongeza maji safi ili kufidia yaliyopotea kwa mvuke (wengi husahau hatua hii na kuharibu hesabu), na kurudia. Safari hii atahitaji matone mengi zaidi, maana sehemu ya vitamini imekwenda na moto.

Sasa fikiria jikoni kwetu. Tunaikata sukuma wiki nyembamba kama nyuzi, tunaiosha baada ya kuikata, halafu tunaiacha motoni hadi ibadilike rangi. Vitamini C huyeyuka katika maji na huharibiwa na joto, kwa hivyo tunaimwaga mara mbili. Vitamini hiyo hiyo ndiyo inayousaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika maharagwe na mboga, na upungufu wa madini hayo huleta ukosefu wa damu. Ni afadhali kuosha majani yakiwa mazima, kukata, na kuipua mapema. Binafsi niliambiwa hivyo na mama miaka mingi na sikumsikiliza hadi nilipohesabu matone mwenyewe.

Jaribio la maini huwafurahisha vijana zaidi. Kipande kibichi cha maini kikitiwa katika haidrojeni peroksaidi hutoa povu kwa kishindo, kilichochemshwa hunyamaza. Seli zetu zina kimeng'enya kinachovunja sumu hiyo kuwa maji na oksijeni. Aliyewahi kuoshwa kidonda kwa dawa hiyo na kuona povu jeupe likifurika sasa anajua lilitoka wapi: ni seli zake mwenyewe na damu yake zilizokuwa kazini.

Hata hivyo, ni wanafunzi wangapi wanaoyaona haya kwa macho yao? Mtihani wa KCSE, uliofanywa mara ya kwanza mwaka 1989, una karatasi tatu za Bayolojia. Mbili za nadharia zina alama 80 kila moja, na ile ya vitendo ina alama 40. Kwa sababu hiyo shule nyingi huyaacha majaribio hadi muhula wa mwisho. Milango ya maabara hufunguliwa, vumbi hupanguswa, na watoto hufunzwa rangi za kuandika wala si sababu zake.

Mimi mwenyewe ni zao la mtindo huo. Shule yangu ilikuwa na hadubini moja iliyofungiwa kabatini. Siku nilipoigusa mara ya kwanza, mtihani ukiwa umekaribia, nilizungusha kirekebisho upande usiofaa, lenzi ikashuka na kukipasua kioo kilichobeba ngozi ya kitunguu. Nilichapwa. Seli sikuiona.

Uhaba wa pesa ni kisingizio chenye ukweli nusu. Hadubini ni ghali, naam, lakini mate, maini, mkate, machungwa na viazi hupatikana katika kila soko. Iodini inauzwa katika duka la dawa. Kinachokosekana mara nyingi ni saa katika ratiba, na mwalimu asiye na wanafunzi sitini mbele yake.

Kuna pia suala la usalama, na hapa wazazi wana haki ya kuuliza. Zamani wanafunzi walichomwa vidole ili kupima aina ya damu, wakati mwingine kwa sindano iliyopita kwa wengi. Virusi vya UKIMWI vilipotambuliwa katika miaka ya 1980, walimu wengi duniani waliliacha zoezi hilo, na ni vyema lisirejeshwe kiholela. Hata mate, kila mtu atumie yake, na vyombo vilowekwe katika dawa ya kuua viini. Kipimo cha zamani cha protini kilitumia dawa ya Millon, yenye zebaki. Siku hizi hutumika mrututu na sodiamu haidroksaidi, na rangi ya zambarau huonyesha protini. Fomalini ya kuhifadhia panya na vyura iliorodheshwa mwaka 2004 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kwa hivyo madirisha yawe wazi.

Hatari kubwa kuliko zote ni spiriti. Jani linapopimwa wanga huchemshwa ndani yake ili rangi ya kijani itoke, na spiriti hushika moto kwa mvuke tu. Chombo cha spiriti huwekwa katika maji yaliyokwisha kuchemka, na moto uwe umezimwa kabla.

Siku ya wazazi ikifika, baada ya kuangalia alama, omba uonyeshwe maabara. Tazama kama mfereji unatoa maji ya kuosha jicho lililorukiwa na asidi. Tazama kama kuna ndoo ya mchanga na blanketi la kuzimia moto. Halafu angalia rafuni: dawa zikiwa zimetiwa katika chupa za soda zisizo na maandishi, mtafute mwalimu mkuu kabla hujaondoka.